Shamba Lililo Chini ya Mto

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo watu wake wengine bado wanakula na kulala, palikuwa na mama aitwaye Bhargavi. Alikaa Kerala, kusini mwa Bara Hindi, katika bonde ambalo mashamba yako chini kuliko mito. Msicheke, ndivyo nchi ile ilivyo. Mto unapita juu, mpunga unaota chini, na katikati pana tuta la udongo, lenye upana wa barabara, linaloyazuia maji yasishuke. Ukisimama shambani ukainua macho, utaona mashua inapita juu ya kichwa chako. Tuta likishika, watu wanakula wali. Tuta likipasuka, shamba linakuwa ziwa.

Bhargavi alipoolewa na Raghavan, bonde lile lilikuwa na kelele za watu. Wanawake walipandikiza miche kwa mstari, wameinama, wanaimba. Wanaume walitoa maji, waliziba nyufa, waligombana, wakapatana. Kisha ikaja habari ya Uarabuni. Akaenda mmoja, akarudi na redio na saa ya mkononi. Wakaenda ndugu zake. Wakaenda majirani. Aliyekuwa akizibua mifereji akawa dereva wa lori Dubai. Aliyekuwa akipura mpunga akawa fundi bomba Kuwaiti. Wanawake wakaingia viwanda vya kumenya kamba wa baharini, wasichana wakasomea uuguzi, wakapanda ndege. Nyumba zikawa nzuri, zenye vigae na rangi. Mashamba yakawa matupu. Wala hakuna aliyefanya kosa. Kila mtu alikwenda palipokuwa na riziki.

Raghavan akabaki na tuta lake. Alilikarabati peke yake, hapa anaziba, pale linabomoka. Masika moja, asubuhi, akiwa na kikombe cha chai mkononi, kipande kizima kikaporomoka mbele ya macho yake na mto ukaingia. Hakupiga kelele. Alisimama akatazama mpaka miche yote ikazama, akarudi jikoni, akamalizia chai, akajilaza. Tangu siku ile hakupata nguvu tena. Kabla masika mengine hayajafika alikuwa amefariki.

Basi Bhargavi akabaki na watoto wawili wakubwa, Sudhakar wa kiume na Jalaja wa kike, na shamba ambalo sasa lilikuwa ziwa lenye magugu maji. Akaja tajiri mmoja mwenye viatu vyeupe. Alitaka kununua, ajenge hoteli ya watalii, vibanda juu ya nguzo. Alisema kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomuumiza Bhargavi, maana mtu mwenye adabu ni vigumu kumkatalia. Bhargavi akamwambia arudi baada ya wiki.

Wakati wa chakula Sudhakar akasema, "Mama, usiuze."

"Nisiuze nini, mwanangu? Maji?"

"Udongo uko chini ya maji. Mimi nitakwenda Maskati. Nitalijenga tuta upya, safari hii kwa mawe."

"Na Ambika?"

Ambika alikuwa mchumba wake, mwalimu wa chekechea, na siku za harusi zilikuwa zimeshaanza kuzungumzwa.

"Ambika atanisubiri," akasema Sudhakar.

Akaenda. Tajiri aliporudi, Bhargavi akamwambia hauzi. Kule Maskati Sudhakar alifunga majukwaa ya vyuma ambayo mafundi husimama juu yake wakijenga maghorofa. Chuma kikikaa juani kinachoma kama kikaango, na yeye alikishika kutwa. Alichokipata kilirudi nyumbani kikiwa mawe, saruji na pampu. Kila likizo ilipofika, nauli yake iligeuka lori la mawe. Tuta likapanda, kipande baada ya kipande. Ambika akasubiri, akasubiri tena, mpaka wazazi wake wakachoka, wakamwoza kwa mtu wa mji mwingine. Jalaja ndiye aliyempigia kaka yake simu kumpa habari. Sudhakar alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Mawe ya upande wa mto yameshafika?"

Tuta likafunga. Pampu ikanguruma, maji yakatoka, na siku moja Bhargavi akauona udongo wa shamba lake ukipigwa na jua. Alishuka pekupeku akatembea humo huku na huku, matope yakimfika magotini, na jirani yake akadhani ameingiwa na wazimu.

Lakini sikilizeni. Wakapanda, na miche ikatoka, na baada ya siku chache ikawa ya manjano, ikalala. Katika miaka ile ya mafuriko maji ya bahari yalikuwa yamepanda mto na kuacha chumvi ardhini. Wakapanda tena, ikafa tena. Bhargavi akampigia Sudhakar. Akamsikia anavuta pumzi ndefu kule mbali.

"Mama, nimechoka," akasema. "Mwite yule mwenye viatu vyeupe. Uza."

"Sasa ndiyo siuzi," akasema Bhargavi, akakata simu, kisha akaketi kizingitini akalia, maana hakujua atafanya nini.

Jalaja alimkuta pale. Jalaja alikuwa muuguzi. Alikuwa amejifunza Kijerumani mpaka akakiota, na hospitali moja ya Ujerumani ilikuwa imempa nafasi. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa, sweta zimo. Akamtazama mama yake, akalitazama sanduku. Akasema, "Mama, ngoja nitafute mbegu kwanza. Ujerumani haihami."

Alikuwa amesikia kwamba pwani, karibu na mdomo wa mto, wako wazee wanaopanda mpunga mrefu usioogopa chumvi. Akapanda basi, akapanda kivuko, akafika kwa bikizee mmoja mwenye shamba. Akamwomba mbegu.

"Siuzi mbegu," akasema yule bikizee. "Mimi sina watu. Watoto wangu wote wako ng'ambo. Nisaidie kuvuna, halafu tutazungumza."

Jalaja akakaa. Akavuna mpunga ndani ya maji yanayomfika kifuani, akikata masuke kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akisukuma kijahazi cha kubebea. Hospitali ikampigia mara ya kwanza, akaomba muda. Ikampigia tena, akaomba muda. Haikupiga tena, nafasi akapewa mwingine. Mavuno yalipokwisha bikizee akampa mbegu, naye akarudi nyumbani na gunia kichwani na ngozi ya miguu imebabuka. Alilishusha gunia mlangoni akasema, "Hii haitakufa."

Mbegu imepatikana, wa kuipanda nani? Bhargavi alikuwa na magoti mabovu. Majirani walikuwa viwandani au ng'ambo. Hapo Jalaja akaenda njia panda ya mabasi, mahali ambapo kila asubuhi husimama wanaume waliotoka kaskazini ya mbali, kutoka Bengali na Bihari na Asamu, wakingoja kazi. Maana mambo ya dunia ni hivyo: watu wa Kerala walipokwenda Uarabuni kufanya kazi za Waarabu, watu wa kaskazini wakaja Kerala kufanya kazi za watu wa Kerala. Akachukua vibarua kadhaa, na mmoja wao aliitwa Habibur.

Habibur alipofika juu ya tuta alisimama, akautazama mto upande huu na shamba upande ule. Akasema kwa lugha ya kuokoteza, "Dada, hapa mto uko juu, shamba liko chini, na bado mnalima?"

"Tunalima," akasema Jalaja.

"Kwetu mto uko chini, na umetula. Umekula shamba la baba. Umekula nyumba. Umekula kisima."

Wakapanda. Mbegu ya bikizee ikasimama, kijani kibichi, na chumvi ikashindwa. Wale vibarua wengine walipopata kazi nzuri zaidi mjini, ya kujenga maghorofa, wakaaga wakaondoka, na ilikuwa haki yao. Habibur akabaki. Alilala katika chumba cha pampu. Alipalilia, alifungua maji, alifunga maji, kila siku alilizunguka tuta akilipapasa kwa mguu kama mtu anayempapasa ng'ombe. Jioni alikaa na Bhargavi barazani wakiparua samaki, na Bhargavi akimfundisha maneno, na akiyakosea Bhargavi anacheka mpaka kisu kinamtoka. Tangu Raghavan afariki hakuwa amecheka namna ile.

Nyumbani kwao Habibur aliacha mke, Marjina, aliyekuwa mjamzito. Mtoto wa kike alizaliwa baba akiwa Kerala, naye alimjua baba yake kwa sura ya kwenye simu tu. Sasa mpunga ulipokuwa unaanza kuinamisha vichwa, Idi ikakaribia. Habibur akakata tiketi ya treni. Akanunua magauni ya mtoto, na sari za mkewe, zile nguo ndefu za kujifunga, zenye maua, akajaza mkoba mpaka zipu ikakataa. Asubuhi ya safari mvua ilikuwa inamwagika. Mkoba begani, akasema, "Mama, naliaga shamba mara moja, kisha naenda stesheni."

Akalizunguka tuta. Karibu na mlango wa maji, ule wa kuingizia maji ya mto shambani, akaona kitu: chini ya mawe, upande wa shamba, maji yalikuwa yanachemka kidogo kidogo, yakitoa matope. Kaa walikuwa wamechimba kutoka upande wa mto, na mto ulikuwa umeiona njia.

"Dada Jalaja," akaita. "Dada, lete watu."

Hakungoja. Aliteremka majini, akauvua mkoba begani akausukumiza ndani ya lile tundu, magauni na yote, akageuza mgongo akaukandamiza. Maji yakapungua. Alipojaribu kunyanyuka yakaanza tena. Basi akakaa hapohapo, mgongo ukutani, maji ya mvua yakimpiga usoni.

Jalaja akakimbia mpaka kiwanda cha kamba. Wanawake wakatoka na mabuti yao ya mpira, wengine wakiwa na aproni, wale wale ambao zamani walikuwa wakipandikiza miche kwa kuimba. Wakapanga mstari. Udongo ukapita mkono kwa mkono, kapu kwa kapu. Bhargavi naye, na magoti yake, akasimama kwenye mstari, na aliyejaribu kumrudisha nyumbani alipewa jicho moja akanyamaza. Treni ikaondoka. Walijaza, wakashindilia, wakajaza tena, na mchana ulipokuwa unakwisha mvua ikapungua na tuta likashika. Habibur ilibidi wamvute. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Alipompigia mkewe kumweleza, nyuma yake alisikika mtoto analia. Bhargavi akaomba simu. Hakujua Kibengali, na Marjina hakujua lugha ya Kerala. Kila mmoja akaishika simu yake, wala hakuna aliyetaka kukata.

Mpunga ukaiva. Jamani, uliiva. Wanawake wa kiwandani wakaomba ruhusa, wakaja kuvuna. Vijana wakaja kutazama, na mmoja wao, aliyekuwa anangoja viza, akaomba mundu ajaribu. Majirani wawili wenye mashamba yaliyozama wakaja kwa aibu aibu kuulizia mbegu. Bhargavi alikuwa amewatumia Marjina na mtoto nauli, wakafika siku ya kupura. Yule mtoto alimwona baba yake, akajificha nyuma ya mama, akachungulia, akajificha tena. Jioni alikuwa amelala kifuani kwake, na makapi kwenye nywele.

Siku hizohizo Sudhakar naye akarudi. Kule Maskati kazi za wageni zilikuwa zimepunguzwa. Alirudi mwembamba, mweusi kwa jua, na mvi pembeni. Alipanda juu ya tuta aliloliona kwenye picha tu, akalikanyaga polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Bhargavi alikuwa amezeeka. Macho yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kuona maji yakichemka chini ya jiwe. Na shamba la chini ya mto haligawanyiki: tuta ni moja, mlango wa maji ni mmoja, pampu ni moja. Jirani zake wengine, ndugu wawili, zamani waligawana la kwao nusu kwa nusu. Huyu alitaka maji yaingie, yule alitaka yatoke, na mwaka huo wote wawili walikosa. Kwa hiyo Bhargavi akawaita Sudhakar, Jalaja na Habibur barazani, akasema:

"Humu mtakula wote, nikiwepo na nisipokuwepo. Lakini jina la shamba na neno la mwisho juu ya maji nitampa mmoja. Semeni yaliyo moyoni."

Sudhakar akasema kwanza. "Mama, kila jiwe la tuta hili nimelilipia kwa ngozi yangu. Ambika amekuwa mke wa mtu kwa sababu ya mawe haya. Bila tuta, mbegu ingepandwa wapi? Huyu ndugu angeziba tundu la nini? Mimi niliondoka ili shamba lirudi. Nikilikosa, itanibidi nitafute nchi nyingine ya Uarabuni, maana sijui kazi nyingine."

Bhargavi akaitazama mikono ya mwanawe, ilivyo migumu, akasema moyoni, "Ni lake."

Jalaja akasema, "Kaka, sikupunguzii sifa. Lakini ulipochoka ulisema liuzwe. Ungesikilizwa, mawe yako leo yangekuwa nguzo za hoteli. Tuta bila mbegu lilikuwa bakuli la chumvi. Mimi nilikaa majini kwa bikizee mpaka ngozi ikanitoka, na mlango wa Ujerumani ukafungwa. Nikikosa, nitaomba upya, nitakwenda, na sitakuwa na kinyongo."

"Hivi ulibaki kwa ajili ya shamba," akauliza Sudhakar, taratibu, "au uliogopa ule ugeni?"

Jalaja akafikiri. "Yote mawili," akasema. "Niliogopa. Lakini mbegu nilileta."

Bhargavi akamtazama binti yake, asivyodanganya hata pale uongo ungemfaa, akasema moyoni, "Ni lake."

Habibur alikuwa amekaa ngazi ya chini, mtoto mapajani.

"Na wewe," akasema Bhargavi.

"Mama, mimi nililipwa. Kazi yangu ilikwisha kila Jumamosi niliposhika ujira."

"Ulilipwa kwa palizi. Sikumbuki kukulipa kukaa kwenye tundu. Sema."

Habibur akasema, "Kaka amelijenga akiwa mbali. Dada ameleta mbegu. Mimi nimelishika kwa mikono hii, nalijua linapoumwa. Siku ile sikufikiria ni la nani. Niliona mto unataka kula tena, nikasema, safari hii hapana. Nikilikosa, nitabaki kibarua wenu maadamu mnanitaka. Ila Marjina na mtoto itabidi warudi, siwezi kuwalea katika chumba cha pampu, na huko kwetu hakuna shamba. Hayo ndiyo yangu."

Sudhakar akasema, "Lakini nyinyi wa njia panda mliondoka wengi. Ukipata kazi nzuri zaidi mjini, hutaondoka?"

"Na wewe ulipoondoka," akasema Habibur kwa upole, "nani alikulaumu?"

Sudhakar akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu arudi, akasogea na kumpisha kwenye ngazi ya juu. Habibur akapanda, wakakaa sambamba.

Bhargavi akamtazama Habibur na yule mtoto aliyelala mapajani mwake, akasema moyoni, "Ni lake." Na aliposema hivyo mara ya tatu akajua kwamba yuko palepale alipoanzia. Lakini hakuhuzunika. Alikumbuka siku aliyokaa kizingitini akidhani hakuna hata mmoja atakayelitaka shamba lile; leo watu watatu wanalitaka, na hakuna anayemchukia mwenziwe.

"Nendeni mkale," akawaambia. "Marjina amepika. Siku tutakayofungua mlango wa maji kwa msimu mpya, nitataja jina."

Wakaingia ndani. Yeye akabaki barazani. Mto ulikuwa unapita juu, na chini mabua yaliyokatwa yalikuwa yamejaa korongo weupe wanaookota punje.

Siku ya kufungua mlango wa maji ni kesho, na Bhargavi hajapata jina. Basi mnisaidie nyinyi mlionisikiliza, maana nyinyi nanyi mna ndugu walio Maskati, na ndugu waliobaki nyumbani, na wageni waliokuja kutoka mbali wakashika jembe lililoachwa. Yuko aliyejenga tuta kwa miaka ya ujana wake, kisha akasema liuzwe. Yuko aliyeleta mbegu, huku akiiogopa safari. Yuko aliyeuziba mto kwa mgongo wake, naye alikuwa kibarua. Je, nani anastahili kupewa shamba?